Ushuru uliochongwa jiweni: Wafanyabiashara wa dola ya Roma walivyodai viwango viwekwe hadharani

APRILI 18 mwaka 137 baada ya Kristo, halmashauri ya mji wa Palmyra, katika jangwa la Syria, ilikaa kujadili ugomvi ambao mfanyabiashara wa mpakani hahitaji kuelezwa mara mbili. Palmyra ulikuwa mji wa misafara ya ngamia chini ya dola ya Roma. Kwa muda mrefu wafanyabiashara na watoza ushuru wake walikuwa wakivutana, na chanzo kilikuwa bidhaa ambazo sheria haikuzitaja.

Sheria ya zamani iliorodhesha vitu vichache. Vilivyobaki vilitozwa kwa mazoea, na mkataba wa yule aliyeshinda zabuni ya kukusanya ushuru ulimruhusu kutoza kwa mujibu wa sheria pamoja na mazoea. Hapo ndipo palipozuka kasheshe. Mazoea ya nani? Mwenye ngamia alikumbuka alicholipa msimu uliopita, mtoza ushuru akakumbuka kikubwa zaidi, na mzigo ukabaki langoni.

Uamuzi wa siku hiyo ulikuwa mwepesi kuusema. Viongozi wa mji wapitie kila bidhaa isiyotajwa katika sheria, waipangie kiwango kilichozoeleka, wakiingize katika mkataba unaofuata. Kisha orodha mpya ichongwe pamoja na ile ya zamani kwenye jiwe, mbele ya hekalu, mahali pa wazi. Viongozi hao hao walipewa jukumu la kuhakikisha mzabuni hatozi zaidi ya kilichoandikwa.

Jiwe hilo lipo hadi leo katika makumbusho ya Hermitage, mjini Saint Petersburg, Urusi. Lina upana wa karibu mita 5, na maandishi yake ni ya lugha mbili: Kigiriki, lugha ya ofisi na ya biashara kubwa upande huo wa dola, na Kiaramu cha Palmyra, lugha ya wenye ngamia wenyewe. Wanahistoria wanalitazama kama hazina. Mtu wa biashara atalitambua haraka zaidi: ni tangazo la viwango, kama lile linalobandikwa ukutani kwenye ofisi ya forodha, ila hili halikuweza kuloa mvua wala kubanduliwa usiku.

Mzigo wa ngamia mmoja wa bidhaa kavu ulilipiwa dinari 3 kuingia na dinari 3 kutoka. Mafuta ya manukato yaliyofungwa katika chupa za alabasta yalilipiwa dinari 25 kwa mzigo wa ngamia. Yakiwa ndani ya viriba vya ngozi ya mbuzi, dinari 13. Kumbe ufungashaji ulikuwa na bei yake hata wakati huo. Duka la bidhaa mchanganyiko na kibanda cha ngozi vililipa dinari 1 kwa mwezi. Matumizi ya chemchemi za mji yalikuwa dinari 800 kwa mwaka. Kahaba alilipa kulingana na bei aliyowatoza wateja wake. Na mtumwa aliyeingizwa mjini alilipiwa dinari 22, akiwa ameandikwa katika orodha ile ile yenye samaki wa chumvi na mafuta ya zeituni, bila maelezo yoyote ya ziada.

Ili kupima thamani ya fedha hizo, askari wa kawaida wa jeshi la Roma alilipwa dinari 300 kwa mwaka katika kipindi hicho. Ushuru wa mzigo mmoja wa bidhaa kavu, basi, ulikuwa sawa na ujira wake wa siku tatu na kitu.

Jambo moja katika jiwe hilo huwa linapitwa haraka na wasomaji wake. Mazao yaliyoletwa mjini kutoka vijiji vya Palmyra, au kupelekwa huko, hayakutozwa. Mwanakijiji aliyeleta chakula hakuwekwa kundi moja na mwenye msafara wa manukato. Huko Zarai, katika Algeria ya leo, jiwe jingine la mwaka 202 linasema jambo linalofanana na hilo: ng'ombe alilipiwa nusu dinari, nguruwe sestesi 1, yaani robo ya dinari, lakini mifugo iliyopelekwa gulioni ilipita bure. Anayevuka leo Busia au Namanga na mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani, akitumia utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, anategemea kitu cha aina hiyo hiyo: orodha ya bidhaa ambayo pande mbili zimeikubali kabla mzigo haujafika.

Mzabuni na fungu lake

Ili kuelewa kwa nini kuandika viwango kulikuwa na uzito huo, sharti kujua ushuru ulikusanywa na nani. Kwa karne nyingi dola ya Roma haikuajiri maofisa wa forodha. Iliuza kazi hiyo kwa mnada. Aliyeahidi fungu kubwa zaidi ndiye aliyepewa kandarasi, mara nyingi ya miaka 5. Aliilipa dola kiasi alichoahidi, na kilichozidi kikawa chake.

Watu hao waliitwa publicani, na wasomaji wa Biblia wanawajua wao na wenzao kwa jina la watoza ushuru. Mathayo aliitwa akiwa ameketi forodhani. Zakayo, mkubwa wa watoza ushuru wa Yeriko, aliahidi kumrudishia mara nne kila aliyemdhulumu. Watoza ushuru walipomwendea Yohana Mbatizaji kumuuliza wafanye nini, hakuwaambia waache kazi. Aliwaambia wasitoze kupita kiwango walichopangiwa. Kwa mfanyabiashara wa wakati ule, jibu hilo lilitosha kabisa.

Viwango vyenyewe, kwa sehemu kubwa ya dola, havikuwa vya kutisha. Gaul, ambayo kwa sehemu kubwa ni Ufaransa ya leo, ilitoza sehemu moja ya arobaini ya thamani ya mzigo, yaani asilimia 2.5. Jimbo la Asia, magharibi mwa Uturuki ya leo, lilitoza kiwango hicho hicho. Sheria yake ya forodha iligunduliwa mwaka 1976 katika magofu ya Efeso, ikiwa imechongwa kwenye jiwe lenye zaidi ya mistari 150. Lililowaumiza watu ni nyongeza: ada yenye jina jipya, ukaguzi uliochukua siku nzima, kadirio la thamani lililopandishwa hapo hapo kwa jicho.

Mwaka 58 malalamiko yalimfikia Kaisari Nero mwenyewe. Mwanahistoria Tacitus anasimulia kwamba umma ulikuwa umechoshwa na publicani kiasi kwamba Nero, aliyekuwa na umri wa miaka 20, alifikiria kufuta ushuru wote wa aina hiyo katika dola nzima, kama zawadi kwa wanadamu. Maseneta walimsifu kwanza kwa moyo wake mkubwa, kisha wakamzuia. Dola itaanguka, walisema, ikiwa mapato yanayoibeba yatapunguzwa. Ushuru ukifutwa, watu watadai na kodi nyingine zifutwe.

Nero akatoa amri badala yake. Masharti ya kila ushuru, ambayo hadi siku hiyo yalikuwa yamefichwa, yabandikwe hadharani. Deni ambalo mtoza ushuru hakulidai ndani ya mwaka mmoja life. Kesi dhidi ya publicani zipewe nafasi ya mbele mahakamani, mjini Roma mbele ya hakimu mkuu na mikoani mbele ya gavana. Askari wasilipe ushuru, isipokuwa kwa vitu wanavyofanyia biashara. Na zile ada ambazo watoza ushuru walikuwa wamezitungia majina ili kuhalalisha uporaji zikafutwa.

Tacitus hakuwa mtu wa kupamba mambo. Anaongeza kwamba baadhi ya masharti mazuri ya amri hiyo yalifuatwa kwa muda mfupi, kisha yakapuuzwa. Lakini miaka minne baadaye, mwaka 62, ndipo sheria ya forodha ya Asia ilipokusanywa na kuwekwa kwenye jiwe lile la Efeso.

Tangaza au upoteze

Kwa upande wa mfanyabiashara, kanuni kuu ilikuwa fupi: tangaza mzigo wako. Aliyetangaza alilipa na kupita. Aliyeficha, mali iliyofichwa ilitaifishwa. Vitu vya safari na vya matumizi binafsi havikulipiwa. Sheria ya Asia ilifikiria hata kituo kisicho na mtu: ukifika na usimkute mtoza ushuru, unatangaza mzigo wako kwa kiongozi mkuu wa mji ulio karibu.

Ukaguzi uliruhusiwa, na ulichukiwa. Plutarch, mwandishi Mgiriki aliyeishi chini ya utawala wa Roma, anakiri kwamba watu hukasirishwa na watoza ushuru pale wanapopekua mizigo ya wengine wakitafuta vilivyofichwa, ingawa sheria inawapa haki hiyo. Katika shule za usemaji, ambako vijana wa Roma walijifunza kutetea kesi, walipewa fumbo maarufu. Sheria inasema mtoza ushuru anaruhusiwa kupekua, na kisichotangazwa kinapotea. Sheria nyingine inasema mke wa mtu mwenye heshima asiguswe. Mama mmoja anafika forodhani akiwa na lulu 400 kifuani. Je, amezificha, au amezivaa tu? Zoezi lilikuwa la darasani, lakini aliyelitunga bila shaka alijua mambo ya vituoni.

Kuna pia kisa cha mwanafalsafa Apollonius, kilichoandikwa na Philostratus karne ya tatu. Alipofika Zeugma, kivuko cha mto Frati, ofisa alimpeleka kwenye ubao wa viwango na kumuuliza amebeba nini. Apollonius akataja Kiasi, Haki, Wema na Uvumilivu. Kwa Kigiriki maneno hayo yote ni ya jinsia ya kike na yangeweza kuwa majina ya wanawake, kwa hiyo ofisa akamtaka awaandikishe vijakazi wake. Kisa hicho huenda kilitiwa chumvi, ila kinaonyesha kwamba msomaji wa karne ya tatu hakuhitaji kuelezwa ubao wa viwango ni kitu gani.

Wanasheria wa Roma walijitahidi kuziba mianya ya pande zote mbili. Meli ikilazimishwa na dhoruba kushusha mzigo mahali pasipo forodha, mzigo huo usitaifishwe. Mtoza ushuru akitoza kinyume cha sheria, arudishe mara mbili. Akichukua kwa nguvu, mara tatu. Makaisari Marcus Aurelius na Commodus waliamua pia kwamba mtoza ushuru halaumiwi kwa kutomfundisha sheria mfanyabiashara aliyekosea, lakini asimdanganye yule anayetaka kutangaza. Uamuzi huo una ukali wake: kujua viwango ulikuwa mzigo wa mfanyabiashara. Ndiyo maana jiwe la mbele ya hekalu lilikuwa na thamani kuliko hotuba za maseneta.

Bei ya mtu kupita

Si bidhaa tu zilizolipiwa. Mwaka 90, Coptos, mji wa Misri ambako barabara ya jangwani kuelekea Bahari ya Shamu ilianzia, uliwekwa jiwe kwa agizo la gavana Mettius Rufus. Lilieleza kile ambacho wakodishaji wa ushuru wa barabara walipaswa kutoza. Nahodha wa Bahari ya Shamu alilipa drakma 10. Fundi wa meli, drakma 5. Fundi stadi, drakma 8. Kibali cha ngamia kilikuwa oboli 1, na kukipiga muhuri oboli 2, kwa hiyo muhuri ulizidi karatasi yenyewe. Mlingoti wa meli ulilipiwa drakma 20. Mwanamke aliyefuatana na askari, drakma 20. Kahaba, drakma 108. Msafara wa mazishi nao ulikuwa na bei yake, kwenda na kurudi, drakma 1 na oboli 4.

Drakma 108 kwa mwanamke mmoja ni kiwango kinachofanya macho yasimame. Fundi wa meli angepita mara 20 na bado asifikie fedha hiyo. Jiwe liliwalinda wasafiri dhidi ya nyongeza za mkodishaji, lakini halikumlinda mtu dhidi ya kiwango chenyewe, na aliyekipanga hakuwa yeye.

Misri hiyo hiyo imetunza upande wa pili wa shughuli, yaani risiti. Mchanga mkavu wa Fayum, kusini magharibi mwa Cairo, umehifadhi vipande vingi vya mafunjo kutoka malango ya vijiji kama Soknopaiou Nesos. Kila kimoja kina mistari michache: jina la mtu, lango alilopitia, kodi aliyolipa, idadi ya punda au ngamia, aina ya mzigo (ngano, mafuta, tende), tarehe, na mara nyingine muhuri wa udongo. Kodi moja ilikuwa sehemu ya mia pamoja na sehemu ya hamsini, jumla asilimia 3. Nyingine ilikuwa ya ulinzi wa njia ya jangwani. Wenye punda hawa hawakuwa matajiri. Wengi walipita na mnyama mmoja au wawili, na kipande hicho cha mafunjo ndicho kilichowaokoa wasilipe tena kituo cha mbele.

Mjini Roma kwenyewe upo mlima mzima wa kumbukumbu za aina hiyo. Monte Testaccio, kando ya mto Tiber, una kimo cha karibu mita 35, na wote ni vigae vya mitungi iliyoleta mafuta ya zeituni, mingi ikitoka Hispania. Mtungi ukishamiminwa ulivunjwa na kutupwa. Juu ya vigae bado kunasomeka kwa wino uzito wa mtungi mtupu, uzito wa mafuta, jina la mfanyabiashara na maandishi ya ukaguzi.

Deni la Eunus

Mwaka 1959 wajenzi wa barabara kuu karibu na Pompeii, mji uliofukiwa na volkano ya Vesuvius mwaka 79, walikuta kikapu cha vibao vya mbao ndani ya jengo la kale. Vilikuwa hati za ukoo wa Sulpicii, wakopeshaji wa Puteoli, bandari kubwa ya Italia wakati huo. Kupitia vibao hivyo mtu anaweza kumfuata mfanyabiashara mmoja kwa zaidi ya miaka miwili.

Jina lake Gaius Novius Eunus. Alikuwa mtumwa aliyeachwa huru, naye aliuza nafaka. Juni 18 mwaka 37 alikopa sestesi 10,000. Kwa hesabu ya wakati ule, hiyo ilikuwa zaidi ya mshahara wa askari wa miaka 11. Mwenye fedha alikuwa Evenus, mtu aliyeachwa huru na Kaisari Tiberius. Evenus hakuwapo, kwa hiyo fedha zilitolewa na mtumwa wake, Hesicus. Mtumwa alikuwa akimkopesha mtu huru, na hakuna aliyeshangaa. Nyumba kubwa za Roma ziliendesha biashara zao kupitia watumwa wenye akili ya hesabu, na faida ikaenda kwa bwana.

Rehani ilikuwa ngano ya Aleksandria, kadiri ya vibaba 7,000 vya Kirumi, yaani zaidi ya tani 40, pamoja na magunia 200 ya dengu na kunde za aina mbalimbali. Mzigo wote ulikuwa katika maghala ya umma ya Puteoli, na Eunus alikubali kwamba lolote likitokea, hasara ni yake. Siku chache baadaye, Julai 2, aliongeza mkopo wa sestesi 3,000.

Siku hiyo hiyo ghala namba 12, lililokuwa na ngano ya rehani, lilikodishwa kwa Hesicus kwa sestesi 1 kwa mwezi. Kodi hiyo ni ya jina tu. Maana yake ni kwamba ufunguo ulihamia kwa mkopeshaji bila gunia kusogezwa. Aliyesimamia ghala, mtumwa aitwaye Diognetus, hakujua kusoma wala kuandika, akamwomba mtumwa mwingine, Nardus, amwandikie mbele ya mashahidi. Hati inasema hivyo waziwazi.

Eunus yeye alijiandikia. Kilatini chake kina makosa mengi. Aliandika maneno kama alivyoyatamka, herufi zikipungua hapa na kuzidi pale. Karani aliandika nakala ya pili kwa Kilatini safi, kwa hiyo kila hati ina sura mbili, ya mfanyabiashara na ya ofisi. Mahakamani, ile yenye makosa ndiyo iliyokuwa na nguvu, kwa kuwa ilikuwa mkono wake.

Mambo hayakumwendea vizuri. Agosti 29 mwaka 38 alikuwa bado anadaiwa sestesi 1,130. Kufikia hapo Hesicus alikuwa amehamia kwenye umiliki wa Kaisari mpya, Caligula, na Eunus akawa anadaiwa na mtumwa wa mfalme. Aliapa kwa mungu Jupita, kwa Augusto aliyefanywa mungu na kwa roho ya ulinzi ya Kaisari kwamba atalipa kufikia Novemba 1, na akichelewa atatozwa sestesi 20 kwa kila siku.

Septemba 15 mwaka 39 aliandika hati nyingine. Deni sasa ni sestesi 1,250. Atalipa kidogo kidogo, sestesi 250 kila siku ya gulio, na adhabu ya kuchelewa ni ile ile, sestesi 20 kwa siku.

Gulio lilikuwa kalenda ya mtu kama Eunus. Katika miji ya Italia lilirudi kila baada ya siku 8, na kuna orodha iliyokwaruzwa ukutani Pompeii inayoonyesha siku na mji: Pompeii, Nuceria, Nola, Cumae, Puteoli, Roma. Mchuuzi aliyejua zamu hizo aliuza leo hapa na kesho kule, na mkopeshaji aliyezijua alijua pa kumkuta.

Wanawake nao wamo katika kikapu hicho cha vibao. Euplia, mwenyeji wa kisiwa cha Melos, anaonekana mwaka 43 akikopa kwa mwanamke mwenzake, Titinia Anthracis. Sheria ilimtaka awe na msimamizi wa kiume, akawa Epichares wa Athens, ambaye pia alimdhamini. Fedha zilitoka kwa mwanamke na kuingia kwa mwanamke, na mwanamume alisimama katikati kwa ajili ya hati.

Robo ya thamani, na ngano isiyo na hesabu

Kiwango kile cha asilimia 2.5 kilikuwa na kighairi kimoja kikubwa. Bidhaa zilizoingia dola ya Roma kutoka Bahari ya Hindi zililipiwa robo nzima ya thamani, asilimia 25. Hati ya mafunjo ya karne ya pili iliyoko Vienna inahesabu shehena ya meli Hermapollon iliyotoka India na manukato na pembe za ndovu. Baada ya kuondoa ushuru, thamani yake ilibaki karibu drakma milioni 7 za Misri. Kwa mizigo ya namna hiyo Roma haikuwa na haja ya kugombania ngozi za mbuzi.

Hapo ndipo pwani ya Afrika Mashariki inapoingia. Katikati ya karne ya kwanza, mfanyabiashara mmoja wa Misri, mzungumzaji wa Kigiriki, aliandika mwongozo wa bandari unaojulikana kama Periplus wa Bahari ya Eritrea. Bandari ya mwisho kusini aliyoitaja ni Rhapta, ambayo wataalamu wengi huiweka katika pwani ya Tanzania ya leo. Jina hilo, anasema, lilitokana na mashua za kushonwa, na msomaji wa pwani atakumbuka mitepe. Rhapta ilitoa pembe za ndovu, pembe za faru na magamba ya kasa. Iliingiza mikuki iliyotengenezwa Muza, bandari ya Yemen, pamoja na mashoka, visu na vyombo vya vioo.

Mwandishi huyo, ambaye kwa bandari nyingine anataja bidhaa moja moja na hata ofisa wa ushuru wa robo aliyekaa Leuke Kome na askari wake, kwa Rhapta anaeleza utaratibu tofauti. Watu wa Muza ndio waliokusanya kodi huko. Walituma meli zenye manahodha na mawakala Waarabu waliozoeana na wenyeji, waliooa kwao, waliojua mahali na lugha. Hataji jiwe wala ubao.

Anataja mvinyo na ngano. Havikupelekwa kuuzwa, anafafanua, bali vilitumika kama gharama ya kupata hisani ya wenyeji. Kiasi cha ngano hakukiandika. Alisema tu kwamba si haba.